Alumini na titaniamu: metali mbili zisizopatana, mshono mmoja usioyeyushwa

GITERANYI, Muyinga – Mzigo unaopita Kobero na Kabanga, kwenye mpaka wa Burundi na Tanzania, una metali nyingi kuliko zinavyoonekana kwenye hati za forodha. Mabati, masufuria, nyaya za umeme, betri, rimu za pikipiki, vipuri vya magari na hata kopo la rangi nyeupe vyote vina metali ndani yake. Kwa mfanyabiashara wa Giteranyi, metali ni bidhaa kama mchele au sukari. Tofauti ni moja: mchele wa aina mbili ukichanganywa hushuka bei tu, lakini metali mbili zikiunganishwa vibaya hupasuka, huliwa na kutu, au huwaka moto. Hasara yake humkuta mtu akiwa njiani, mzigo ukiwa juu ya gari.

Namna ya kuunganisha metali mbili za asili tofauti zikashika imewasumbua wahunzi tangu zamani, na leo inawasumbua watengenezaji wa ndege, magari na treni. Katika jozi zote ngumu, alumini na titaniamu ni miongoni mwa zile zinazotajwa kwanza. Njia inayotoa matumaini makubwa ni kulehemu kwa msuguano, ambapo vipande viwili hushonwa pamoja bila kuyeyushwa.

Jambo hili linaweza kuonekana la mbali, la viwanda vya Ulaya na Japani. Lakini linaeleza kwa nini kipuri fulani hakitengenezeki kwa fundi wa barabarani, kwa nini alumini chakavu safi ina bei na iliyochanganywa haina, na kwa nini mchanga wenye titaniamu umesafirishwa nje kwa meli kutoka pwani yetu miaka kumi mfululizo huku titaniamu iliyo tayari ikirudi ndani ya ndege.

Kwa nini moto hauzipatanishi

Fundi wa kuchomelea hufanya kazi kwa kuyeyusha. Huunguza kingo za vipande viwili hadi viwe maji, huongeza waya wa kujazia, kisha huacha mchanganyiko upoe na kuganda. Chuma kwa chuma, kazi hiyo ni nyepesi, kwa sababu pande zote mbili huyeyuka na kuganda kwa pamoja.

Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Titaniamu huyeyuka kwenye nyuzi 1,668. Kabla titaniamu haijaanza hata kulegea, alumini imekwisha kuwa maji na kumwagika. Hiyo ni shida ya kwanza.

Ya pili ni kwamba joto halipiti sawa. Alumini hupitisha joto takribani mara kumi kuliko titaniamu, ndiyo maana sufuria ya alumini huchemka upesi. Upande mmoja hutawanya joto lote, upande mwingine hulishikilia mahali pamoja. Tena alumini ikipata joto hutanuka karibu mara tatu kuliko titaniamu. Vipande vikianza kupoa, mmoja hujivuta sana na mwingine kidogo, na mshono hubaki katikati ukivutwa huku na huku.

Shida ya tatu ndiyo kubwa. Alumini na titaniamu zikikutana zote zikiwa zimeyeyuka, hazichanganyiki tu kama maji na maziwa. Hutengeneza kitu kipya, kigumu sana lakini chenye kuvunjika kama kigae. Tabaka hilo likiwa nene, mshono utaonekana mzuri kwa macho na utakatika kwa pigo moja. Alumini na chuma nazo zina tabia hiyo hiyo. Ndiyo sababu hakuna fundi mwaminifu anayekubali kuchomelea kipande cha alumini kwenye fremu ya chuma kwa mashine ya kawaida.

Kusonga badala ya kuyeyusha

Mwaka 1991, taasisi ya utafiti wa kulehemu ya Uingereza, TWI, iliyoko karibu na mji wa Cambridge, ilikuja na njia nyingine. Wayne Thomas na wenzake waliuliza: je, ni lazima metali iwe maji ndipo ishikane na nyingine?

Anayejua kupika ugali anaweza kuelewa jibu lao. Uji hukorogwa ukiwa majimaji. Ugali husongwa ukiwa mzito, na mwiko ndio unaosukuma unga wa upande huu kwenda upande ule hadi donge lote liwe kitu kimoja. Kulehemu kwa kuyeyusha ni kama kupika uji. Njia ya TWI ni kusonga ugali.

Mwiko wake ni kijiti kifupi cha metali ngumu chenye bega pana juu yake. Vipande viwili hubanwa kwa nguvu juu ya meza nzito, ukingo kwa ukingo. Kijiti huzungushwa mamia ya mara kwa dakika, kisha hukandamizwa kwenye mstari wa maungio hadi bega liguse uso wa metali. Msuguano huzalisha joto. Alumini hulegea, kwa kawaida kwenye nyuzi 400 hadi 500, lakini haifiki kuyeyuka. Kijiti husogea polepole kwenye mstari, kikisukuma metali iliyolegea kutoka mbele kwenda nyuma, na bega huikandamiza isitoke nje. Nyuma yake hubaki mshono imara.

Hakuna waya wa kujazia, hakuna cheche wala mwanga wa kuumiza macho, na moshi ni mdogo sana. Kwa kuwa hakuna kilichoyeyuka, vitundu vya hewa na nyufa za kuganda ambazo huharibu mishono mingi ya alumini hazipati nafasi.

Viwanda vilielewa haraka. Katikati ya miaka ya 1990, Norway na Sweden zilianza kuitumia kuunganisha mabamba ya alumini. Kampuni ya Hitachi ya Japani iliitumia kutengeneza mabehewa ya treni. Matangi ya mafuta ya roketi za Marekani nayo hushonwa hivyo. Hataza ya awali imekwisha muda wake, kwa hiyo leo njia ya msingi haihitaji kulipiwa leseni.

Njia hii ina mipaka yake. Inahitaji mashine nzito isiyotikisika na vibano vyenye nguvu. Mwishoni mwa mshono, kijiti kinapotolewa, hubaki tundu ambalo lazima lizibwe au likatwe. Kufuata kona na mikunjo ni kazi ngumu. Haibebwi kwenye baiskeli kwenda kwa mteja, wala haifanyiki kando ya barabara.

Kugusa titaniamu bila kuingia

Kwa alumini na titaniamu, kijiti kikipita katikati kabisa ya mstari hukutana na upande mmoja laini na upande mwingine mgumu. Kijiti huchakaa, vipande vya titaniamu humeguka na kutawanyika ndani ya alumini, na lile tabaka la kigae huongezeka.

Watafiti walijifunza kukisogeza kijiti upande wa alumini. Karibu upana wake wote hupita ndani ya metali laini, na ukingo wake hukwaruza titaniamu kidogo tu, sehemu ndogo ya milimita. Mkwaruzo huo huondoa ngozi ya oksaidi iliyofunika titaniamu, na alumini iliyolegea hukandamizwa juu ya uso uliosafishwa. Mahali hapo zinashikana. Kijiti chenyewe hutengenezwa kwa metali ngumu sana, aghalabu kabaidi ya tangisteni.

Tabaka la kigae halikwepeki kabisa. Siri iko katika unene wake. Likibaki mikroni chache, yaani jembamba mara nyingi kuliko unywele, hufanya kazi ya gundi. Likinenepa, hugeuka kuwa ufa unaosubiri siku yake. Kasi ya kuzunguka, mwendo wa kusogea na umbali wa kijiti kutoka kwenye mstari ndivyo vinavyoamua. Fundi akizungusha haraka mno na kusogea polepole mno, joto huzidi na kigae hunenepa. Akikimbia mno, pande mbili hazishikani.

Zinatafutwa ziungane kwa sababu ya uzito na gharama. Kwa ujazo ule ule, chuma kikiwa na kilo 7.8, titaniamu ina kilo 4.5 na alumini kilo 2.7. Titaniamu huvumilia joto na haili kutu, lakini ni ghali. Alumini ni rahisi na nyepesi, lakini hulegea mapema kwenye joto. Mtengenezaji anayeweza kuweka titaniamu mahali penye joto au chumvi tu, na alumini kwingineko, hupunguza uzito na gharama pamoja.

Mfano uko kwenye anga ya Afrika Mashariki. Ndege ya Boeing 787, ambayo Kenya Airways imeitumia tangu 2014 na Air Tanzania tangu 2018, ina takribani asilimia 20 ya alumini na asilimia 15 ya titaniamu kwa uzito. Ndani ya ndege, metali za aina tofauti kwa kawaida huunganishwa kwa bolti na ripiti. Kila bolti ina uzito wake, na kila tundu lililotobolewa ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia. Mshono wa msuguano ungeondoa mengi ya matundu hayo, ndiyo maana utafiti haukomi.

Bidhaa zilizoko tayari dukani

Mshono wa alumini na titaniamu haujafika madukani Muyinga. Ndugu zake wamefika.

Wa kwanza ni lagi ya rangi mbili inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Upande wa bomba ni alumini, kwa ajili ya kebo ya alumini. Upande bapa ni shaba, kwa ajili ya kufungwa kwenye swichi au mita. Lagi hizo hutengenezwa kwa kuzungusha kipande kimoja dhidi ya kingine hadi msuguano uzishikanishe. Kebo ya alumini ikifungwa moja kwa moja kwenye shaba, unyevu ukiingia alumini huliwa, maungio hulegea, hupata joto na huweza kuwasha moto. Anayeuza lagi ya alumini iliyopakwa rangi ya shaba juu juu anauza hatari. Mkwaruzo mdogo wa tupa kwenye upande bapa unatosha kuonyesha kama shaba imeingia hadi ndani.

Wa pili ni sufuria ya chuma kisichoshika kutu yenye kitako kinene. Ndani ya kitako mna sahani ya alumini iliyoshikanishwa na chuma kwa joto na mgandamizo mkubwa, ili moto usambae sawa na chakula kisiungue katikati. Kitako kinachoanza kuachana huacha mwanya ukingoni, na maji yakiingia humo sufuria itatoa mlio na kuvimba. Mnunuzi wa jumla anayezungusha kidole kwenye ukingo wa kitako kabla ya kulipa hujiepushia malalamiko ya wateja.

Wa tatu ni magari. Katika Accord ya mwaka 2013, Honda iliunganisha chuma na alumini kwa msuguano kwenye fremu ndogo inayobeba injini, na ikaeleza kuwa fremu hiyo imepungua uzito kwa asilimia 25. Gari la namna hiyo likigongwa na fremu ikachomelewa kwa mashine ya kawaida, maungio ya kiwandani huharibika. Hapo suluhisho ni kubadilisha kipande kizima, si kuchomelea.

Kile ambacho gereji isijaribu

Ukanda wa Kati, kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Bujumbura, una zaidi ya kilomita 1,500. Magari huchoka na vitu hukatika. Makosa mengi ya matengenezo hutokana na kudhani kwamba metali zote ni ndugu.

Alumini na chuma visichomelewe pamoja. Njia salama ni bolti au ripiti, pamoja na kitu cha kutenganisha: washa ya mpira, plastiki au tabaka la rangi. Bila kitenganishi, maji ya mvua hugeuza maungio kuwa mfano wa betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa.

Kanuni hiyo hiyo inahusu mabati. Mabati mengi ya kisasa ni chuma kilichopakwa mchanganyiko wa alumini na zinki. Hayapendi kugusana na shaba, risasi wala saruji mbichi. Maji yanayotiririka kutoka kwenye bomba la shaba yakidondokea bati hilo hula ngozi yake. Muuza mabati anayemweleza mteja jambo hilo hupunguza malalamiko ya kutu yanayorudi dukani baada ya misimu miwili ya mvua.

Tangi la mafuta lina hukumu yake. Matangi mengi ya malori ni ya alumini. Tangi lililomwagwa likaonekana tupu bado lina mvuke, na mvuke huo huwaka kuliko mafuta yenyewe. Kulichomelea kabla halijaoshwa, kupitishwa mvuke wa maji na kupimwa hewa ni kuchezea roho za watu. Kazi hiyo ni ya karakana yenye kipimo cha gesi, hata kama mzigo unachelewa siku mbili.

Alumini chakavu: usafi ndio bei

Wanaokusanya chuma chakavu wanajua sumaku. Chuma cha kawaida hushikwa, alumini haishikwi. Lakini titaniamu haishikwi pia, wala aina nyingi za chuma kisichoshika kutu, wala shaba. Uzito husaidia: kipande chenye ukubwa wa alumini lakini kizito karibu mara mbili huenda ni titaniamu. Kwenye grenda, titaniamu hutoa cheche nyeupe kali, na alumini haitoi cheche. Jaribio hilo lifanywe kwa mguso mfupi tu, kwa sababu alumini huziba jiwe la grenda na jiwe lililoziba huweza kupasuka. Unga wa metali zote mbili hushika moto.

Alumini yenye bolti za chuma, vipande vya shaba au risasi ndani yake hutoa donge baya likiyeyushwa. Anayelinunua hukata bei au hulikataa. Kuna hasara nyingine isiyoonekana mizanini: utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu masufuria yanayosubuliwa kwa alumini chakavu nchini Cameroon ulikuta risasi ikitoka kwenye chungu na kuingia kwenye chakula. Anayetenganisha betri na vipande vya rejeta mbali na alumini ya masufuria analinda mfuko wake na watoto wa watu.

Sheria nazo hubadilika. Januari 2022 Kenya ilisimamisha biashara ya chuma chakavu baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa, ikaifungua tena miezi michache baadaye kwa masharti. Aliyekuwa amejaza stoo kwa mkopo wakati huo alijifunza kwa gharama. Kabla ya kununua kwa wingi, kuuliza forodha kuhusu vibali vya pande zote mbili za mpaka ni sehemu ya mtaji.

Mchanga uliondoka, metali inarudi

Ukanda wa kijiolojia unaoitwa Kabanga–Musongati unaanzia Ngara, ng'ambo tu ya mpaka, na kuingia Burundi. Kabanga na Musongati zinajulikana kwa nikeli. Katika ukanda huo huo, eneo la Mukanda nchini Burundi lina mwamba wa chuma wenye titaniamu na vanadiamu. Pwani ya Kenya, mgodi wa Kwale ulisafirisha mchanga wenye titaniamu kupitia Likoni kuanzia mwaka 2014 hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024.

Sehemu kubwa ya madini ya titaniamu duniani haigeuzwi kuwa metali. Hugeuzwa kuwa unga mweupe wa rangi, plastiki na karatasi. Kopo la rangi nyeupe linalopita Kobero huenda lina ndani yake ndugu wa mchanga uliochimbwa Afrika Mashariki. Kupata metali yenyewe ni kazi ndefu ya klorini na magnesiamu, kwa njia iliyobuniwa na William Kroll wa Luxembourg na kupewa hataza mwaka 1940.

Alumini nayo inakula umeme. Kuzalisha tani moja kutoka kwenye madini huhitaji kama uniti 14,000. Bwawa la Rusumo, lenye megawati 80 zinazogawanywa sawa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania, huipa Burundi kama megawati 26.7. Mgawo huo wote, ukitumika usiku na mchana bila kuacha taa moja ya nyumbani, ungetoa alumini tani 45 hivi kwa siku. Lakini kuyeyusha alumini chakavu huhitaji kama asilimia tano tu ya umeme huo. Kwa nchi zetu, mgodi wa alumini ulio karibu zaidi ni rundo la chakavu lililotenganishwa vizuri.

Kati ya rundo hilo na mshono wa ndege kuna ngazi nyingi, na ngazi ya kwanza ni fundi. Kulehemu alumini nyembamba kwa msuguano kunaweza kuanza kwenye mashine nzito ya kuchonga chuma, iliyowekewa kijiti cha chuma kigumu. Chuo cha ufundi chenye mashine hiyo kinaweza kufundisha msingi wake. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza Julai 2010, liliahidi kwamba wafanyakazi watavuka mipaka kama bidhaa. Cheti cha mchomeleaji wa Muyinga kikisomeka Ngara, na cha Ngara kikisomeka Gitega, mwenye lori atajua ni nani amshike tangi lake na ni nani amwambie, bila kuona haya, kwamba kipande hiki hakichomelewi.

Mfanyabiashara hana haja ya kungoja siku hiyo. Sumaku mfukoni, tupa ndogo ya kukwaruzia lagi, na mifuko tofauti ya alumini, shaba na chuma hupatikana leo, na gharama yake ni ndogo kuliko ya tangi moja lililopasuka njiani.